Kuvu ya bafuni: Msimlaumu anayesugua, tazameni dirisha

UKIINGIA katika bafu nyingi za nyumba za kukodi mjini Mombasa mwezi wa Mei, mvua ya masika ikiwa imekolea, utaona jambo moja. Vigae ni vyeupe na vinang'aa, lakini kati ya kigae na kigae kuna mistari myeusi, kana kwamba mtu amepita hapo na kalamu ya wino. Hiyo ni kuvu. Wengine huiita koga, wengine ukungu. Mwenye nyumba akiiona husema mpangaji ni mchafu. Mpangaji naye humgeukia msichana wa kazi na kumwambia kwamba hajui kusugua. Msichana wa kazi, ambaye hana wa kumgeukia, hufungua chupa nyingine ya dawa ya klorini, hujifungia bafuni na kusugua hadi machozi yanamtoka. Wiki mbili baadaye mistari imerudi palepale.

Kwa maoni yangu, lawama hizi zote zinapelekwa kusikostahili. Kuvu ya bafuni si ushahidi wa uvivu. Ni ushahidi kwamba maji huingia katika chumba hicho kila siku na hayana njia ya kutoka. Jambo hilo ni la aliyejenga nyumba kabla halijawa la anayeishi ndani yake, na tukiendelea kulifanya kuwa la brashi na dawa peke yake, tutazidi kuwaumiza watu mapafu bure.

Kuvu hutaka nini

Mbegu za kuvu ni ndogo mno, hazionekani kwa macho, na zimo hewani kila mahali. Hakuna dawa ya kuzimaliza. Zikitua mahali, huhitaji joto, chakula na maji ili ziote. Joto la Pwani, ambalo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 22 na 33, huzifaa sana. Chakula nacho hawakosi kukipata bafuni, na wala si simiti wanayokula kama watu wengi wanavyodhani. Hula utando wa sabuni, mafuta ya mwili, vipande vya ngozi iliyokufa na mafuta tunayojipaka nywele. Katika nyumba ambamo watu hupaka mafuta ya nazi kisha wakaoga, karamu huwa kubwa zaidi.

Joto hatuwezi kuliondoa, na chakula tunaweza kukipunguza tu. Kilichobaki ni maji.

Sasa tazama ile simiti inayojazwa kati ya vigae, ambayo mafundi huiita grauti. Kigae chenyewe kimechomwa na kupakwa rangi ya kioo, hakinywi maji. Grauti ya kawaida ina matundu madogo madogo kama sifongo. Hunywa maji kila mtu anapooga, na huchukua saa nyingi kukauka. Ikiwa mpya huwa na ukali wa simiti ambao kuvu haiupendi. Lakini kadiri miezi inavyopita, hewa ya kaboni huingia ndani yake na ukali huo hupungua. Ndiyo sababu nyumba mpya hukaa mwaka mzima au zaidi bila doa, kisha kuvu ikaanza ghafla. Mwenye nyumba husema mpangaji wa kwanza alikuwa msafi kuliko huyu wa pili. Kumbe ni simiti tu iliyozeeka.

Nairobi au Nakuru, ukuta wa bafu uliolowa asubuhi aghalabu huwa umekauka kufikia adhuhuri. Mombasa mambo ni tofauti. Asubuhi unyevu wa hewa hupita asilimia 80 katika miezi mingi ya mwaka, na watu wa Pwani, kwa sababu ya joto, huoga mara mbili au tatu kwa siku. Bafu lililofungwa halipati nafasi ya kukauka hata mara moja kati ya Jumatatu na Jumapili. Na kuvu haihitaji wiki. Mahali penye unyevu usiokauka inaweza kuanza kuota kwa muda wa saa 24 hadi 48.

Kuna jambo jingine la Mombasa ambalo wageni hawalijui. Kwa sababu ya shida ya maji, familia nyingi huweka pipa na ndoo za akiba bafuni humo humo. Pipa lisilo na kifuniko hutoa mvuke mchana na usiku. Isitoshe, mbu wa homa ya dengue, maradhi ambayo yamezuka mjini Mombasa zaidi ya mara moja tangu mwaka wa 2013, hupenda kutaga katika maji ya aina hiyo yaliyohifadhiwa nyumbani. Kifuniko kimoja huondoa mashaka mawili.

Si kila doa ni kuvu, hata hivyo. Utelezi wa rangi ya waridi unaoonekana pembeni mwa shawa kwa kawaida ni bakteria, na huondoka kwa sabuni na brashi. Unga mweupe unaochomoza katika grauti ni chumvi, hasa katika nyumba zinazotumia maji ya kisima, na hakuna klorini itakayouondoa.

Madhara yake

Nisingependa kumtia mtu hofu. Wapo wanaosema kwamba kuvu nyeusi ni sumu ya kuua. Habari hiyo ilitoka Marekani, na ilihusu kuvu iitwayo Stachybotrys, ambayo hupenda karatasi na mbao laini zilizolowa, kama zile za kuta za jasi. Katika grauti si rahisi kuikuta. Kuvu za bafuni aghalabu ni za jamii nyingine, kama vile Cladosporium na Aureobasidium, na weusi wake peke yake hautuambii kitu kuhusu hatari yake. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuoga katika bafu lenye mistari hiyo kwa miaka na asipate zaidi ya kuudhika.

Lakini si kila aliye nyumbani ni mtu mzima mwenye afya. Mwaka wa 2009, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo. Mwongozo huo ulieleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu wana uwezekano mkubwa zaidi wa kukohoa, kukoroma kifua, kupata maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Mtoto mwenye pumu ndiye wa kwanza kuhisi. Wengine ni mtu anayetibiwa saratani, aliyepandikizwa figo, au mwenye upungufu wa kinga ambaye bado hajaanza kutumia dawa. Hao wasipewe kazi ya kusugua kuvu hata kidogo.

Kuna kisa cha Uingereza ambacho wenye nyumba wa huku wangefaa kukijua. Mnamo Desemba 2020, mtoto wa miaka miwili kwa jina Awaab Ishak, wa wazazi waliotoka Sudan, alifariki mjini Rochdale. Nyumba yao ya kupanga ilikuwa na kuvu bafuni na jikoni. Baba yake alilalamika kwa muda mrefu. Alijibiwa kwamba ni mtindo wao wa maisha, jinsi wanavyooga na kupika. Mnamo Novemba 2022, afisa aliyechunguza kifo hicho aliamua kwamba kilitokana na maradhi ya mapafu yaliyosababishwa na kuishi kwa muda mrefu penye kuvu, na kwamba nyumba haikuwa na njia za kutosha za kupitisha hewa. Uingereza ilitunga sheria inayojulikana kwa jina la mtoto huyo, inayowabana wenye nyumba za umma kushughulikia kuvu kwa muda uliowekwa. Kuvu ya nyumba ile ilikuwa nyingi kupita mistari michache katika grauti, ni kweli. Lakini lile jibu la mwenye nyumba, kwamba kosa ni lenu mnaooga, tunalisikia Tudor na Bamburi kila siku.

Chupa ya klorini

Sasa tuje kwa dawa. Klorini, ambayo wengi huiita Jik hata ikiwa ni ya kampuni nyingine, huua kuvu iliyo juu na kuondoa rangi yake. Tatizo ni kwamba huondoa rangi upesi kuliko inavyoua. Katika kitu kinachonywa maji kama grauti, sehemu ya juu huwa nyeupe nawe ukafurahi, huku mizizi iliyo ndani ikibaki. Nguvu yake huisha inapokutana na utando wa sabuni, kwa hivyo ukiimwaga juu ya uchafu unaipoteza. Tena huharibika kwa joto na mwanga. Chupa iliyokaa juani dukani kwa miezi si dawa tena bali ni maji yenye harufu. Idara ya mazingira ya serikali ya Marekani, EPA, haishauri klorini itumiwe kama njia ya kawaida ya kuondoa kuvu.

Hatari kubwa ni kuchanganya. Msichana wa kazi anaposhindwa na klorini huongeza ile dawa kali ya kusafishia choo, akidhani kwamba dawa mbili zitashinda moja. Dawa nyingi za choo ni asidi. Asidi ikikutana na klorini hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kama silaha dhidi ya wanajeshi huko Ypres, Ubelgiji, mnamo Aprili 1915. Siki nayo ni asidi na hufanya hivyo hivyo. Dawa zenye amonia, kama baadhi ya zile za kusafishia vioo, hutoa gesi nyingine ya kuumiza mapafu. Mtu aliyejifungia katika bafu la mita mbili kwa moja na nusu, dirisha likiwa dogo kama kitabu, hana pa kukimbilia. Akianza kukohoa na kubanwa kifua, atoke mara moja apate hewa safi, na asipopata nafuu apelekwe hospitali. Asirudi kumalizia kazi.

Hata bila kuchanganya, wanaofanya kazi ya usafi miaka nenda miaka rudi hupata pumu kwa wingi kuliko wafanyakazi wengine. Jambo hili limechunguzwa katika nchi nyingi. Tunapomwambia binti wa miaka 20 asugue bafu kwa klorini kila Jumamosi ili mwenye nyumba asikate amana yetu, tuelewe nani hasa anayelipa.

Na jambo jingine. Siku hizi dawa hii hupimwa na kuuzwa mitaani katika chupa za soda na za maji ya kunywa. Mtoto hajui tofauti. Kama ni lazima ununue ya kupima, nenda na chupa kuukuu ya dawa yenyewe, iliyo na kibandiko. Mtoto akiinywa, msimlazimishe kutapika, kwa maana itamuunguza koo mara ya pili. Msukutueni mdomo na mumpeleke hospitali pamoja na ile chupa.

Waliojenga zamani

Nyumba za kale za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa. Chokaa ina ukali ambao kuvu haiupendi, na hupitisha unyevu badala ya kuufungia ndani ya ukuta. Chooni mlikuwa na birika la maji, na katika nyumba za Lamu walitia samaki wadogo ndani yake ili wale viluwiluwi vya mbu. Kuta hizo zilihitaji kupakwa chokaa tena na tena, na watu walifanya hivyo bila kunung'unika. Hata majumba ya ghorofa yaliyofuata baadaye yalikuwa na matofali ya matundu juu ya ukuta wa bafu, ambayo hayafungiki hata ukitaka.

Leo tunajenga bafu katikati ya nyumba. Kila chumba cha kulala kinataka choo chake kwa sababu kodi itapanda, na kwa kuwa ukuta wa nje hautoshi, bafu hupewa dirisha la kutazama nafasi nyembamba inayopitisha mabomba kutoka ghorofa ya chini hadi ya nane. Hewa ya humo haisogei. Ni mvuke wa jirani wa chini unaopanda kwako. Nyumba nyingine hazina hata hilo. Zina feni ndogo darini inayopuliza mvuke ndani ya dari, si nje. Kisha kuta hupakwa rangi ya plastiki na sebuleni hutiwa kiyoyozi, madirisha yakafungwa mwaka mzima. Mtu anayejenga namna hiyo karibu na Bahari ya Hindi amepanda kuvu kwa mkono wake.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huhesabu nyumba ambayo ujenzi au hali yake ni hatari kwa afya kuwa kero inayoweza kuchukuliwa hatua. Pale ambapo kero hiyo imetokana na kasoro ya ujenzi, ilani hupelekewa mwenye nyumba, si mpangaji. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, nayo inazungumzia haki ya makao ya kutosha na viwango vinavyofaa vya usafi. Maafisa wa afya ya umma wako chini ya kaunti. Tumezoea kuwaona wakikagua mikahawa na vichinjio. Sioni kwa nini wasikague mabafu ya nyumba mpya kabla hazijapewa wapangaji, na wenye kupitisha ramani za ujenzi wakatae bafu lisilo na njia ya hewa ya kufika nje.

Kwa wakati huu

Mpangaji hawezi kungoja hayo. Anaweza kuanza na kipangusio cha mpira, kile ambacho vijana hutumia kufutia vioo vya magari. Kila anayeoga mwisho apanguse kuta na sakafu kuelekea kwenye tundu la maji, kisha apitishe kitambaa kikavu pembeni. Ni kazi ya dakika mbili, na hushinda chupa nzima ya dawa, kwa sababu huondoa maji kabla grauti haijayanywa. Taulo na nguo zilizolowa zisianikwe humo.

Dirisha lifunguliwe mchana, kwa maana hewa ya mchana huwa kavu kuliko ya alfajiri. Anayeogopa wezi aweke vyuma, na anayeogopa mbu aweke wavu, lakini wavu uoshwe. Uliojaa vumbi haupitishi kitu. Wakati wa mvua nyingi hewa ya nje yenyewe imelowa, kwa hivyo hapo tegemea zaidi kupangusa. Ikiwa kuna feni, ijaribu kwa kipande cha karatasi ya chooni. Ikiinyonya na kuishikilia, inafanya kazi. Iachwe ikizunguka nusu saa baada ya kuoga. Feni ndogo ya wati 20, ikitumiwa nusu saa mara tatu kwa siku, haimalizi uniti 1 ya stima kwa mwezi.

Kuvu iliyokwisha kuota ioshwe kwanza kwa maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ngumu, mlango na dirisha vikiwa wazi, kisha isuuzwe na kukaushwa. Mara nyingi hiyo inatosha. Doa likibaki, tumia klorini peke yake, iliyochanganywa na maji baridi kama kibandiko kinavyosema, ukiwa na glavu. Lowesha vipande vya karatasi ya chooni, uvibandike juu ya mstari kwa dakika 10 au 15, kisha usuuze vizuri. Usitumie siki wala dawa ya choo katika grauti hata kama ni peke yake, kwa sababu asidi hula simiti na kuongeza yale matundu.

Ikiwa grauti imemomonyoka au kuvu inarudi mahali pamoja kila mara, gonga vigae kwa kifundo cha kidole. Kigae kinacholia kama debe tupu kina nafasi nyuma yake, na huenda maji yamepita au bomba linavuja ukutani. Hapo hakuna kusugua kutakakosaidia. Fundi aichokoe grauti ya zamani na kujaza mpya, ikiwezekana ile ya epoksi ambayo hainywi maji. Ni ghali na ni ngumu kuipaka, ila hudumu. Ile mpira ya silikoni ya pembeni ikishaingia weusi ndani haisafishiki, ikatwe na kuwekwa nyingine. Fundi akiwa hapo, mmwagie ndoo ya maji sakafuni muone yanaelekea wapi. Sakafu inayoacha kidimbwi haikupewa mwinamo wa kutosha.

Piga picha za kuvu siku unapoingia katika nyumba, na tena inaporudi baada ya kusafishwa. Mwandikie mwenye nyumba barua yenye tarehe, ukitaja dirisha, feni au bomba, wala si kuvu peke yake. Ubaki na nakala. Itakufaa siku ya kudai amana, na itakufaa zaidi ukilazimika kwenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti.